Tenda Wema, Kisha Urudi Uhesabu

Wahenga walituachia neno: tenda wema nenda zako. Ni ushauri wa adabu, maana anayesimama kungoja shukrani ameugeuza wema kuwa mkopo. Hata hivyo neno hilo lina upande usiojadiliwa sana. Aliyetenda akaenda zake hatajua kamwe kama wema wake ulifika, ulipotelea njiani, au ulimwongezea mwenzake mzigo. Lipo kundi la watu, walioanza wakiwa wachache katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 2009, ambao wamejenga falsafa nzima juu ya upande huo. Wao husema: tenda wema, kisha urudi uhesabu. Kwa Kiingereza mwendo wao huitwa effective altruism. Humu nitauita hisani yenye tija.

Swali lao likimfikia mtengeneza programu wa Ruiru, linakuwa swali la maisha. Mchukue kijana wa mfano. Si mtu mmoja ninayemjua, ni wengi waliokunjwa pamoja. Alisomea kompyuta katika chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, akapanga bedsita Ruiru kwa sababu kodi ya Nairobi ilimshinda. Mchana kutwa anaandika mifumo ya SACCO na ya karo za shule, na anaunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, ule mlango ambao Safaricom huwafungulia watengeneza programu. Kazi anaiweza. Shida ni kwamba anaiweza mno. Usiku, tokeni za stima zikiruhusu, anasoma kuhusu ujifunzaji wa mashine, na katikati ya masomo hayo anakutana na watu wakimwambia kwamba kazi ya maisha ya binadamu ni saa 80,000: saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, miaka 40. Shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka wa 2011 lilijiita kwa hesabu hiyo, 80,000 Hours, na shughuli yake ni kumuuliza kila anayesikiliza: saa hizo utazitia wapi ziwafae wengi zaidi?

Nataka kulichambua swali hilo nikiwa nimekaa huku, kwenye barabara ya Thika. Nadhani jibu hubadilika swali linapohamishwa.

Chimbuko lake la kifikra hutajwa kuwa insha ya mwanafalsafa Peter Singer ya mwaka wa 1972, iliyozaliwa na msiba wa wakimbizi wa Bengali Mashariki. Ukipita kando ya kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia hata kama viatu vitaharibika. Basi kwa nini, Singer akauliza, mtoto anayekufa mbali nawe asikudai vivyo hivyo? Wanafalsafa wa Oxford, Toby Ord na William MacAskill, walilichukua wazo hilo wakaanzisha Giving What We Can mwaka wa 2009, ambamo mtu huahidi kutoa asilimia 10 ya mapato yake. Mkristo wa Thika atatabasamu: hilo ni fungu la kumi lililotolewa nje ya kanisa. Miaka miwili kabla yao, Holden Karnofsky na Elie Hassenfeld, waliotoka katika kampuni ya uwekezaji Marekani, walikuwa wameunda GiveWell ili wayapime mashirika ya misaada kama mwekezaji anavyopima hisa.

Fikra ni za huko. Lakini mizani yenyewe, sehemu kubwa yake, ilichongwa Busia, magharibi mwa Kenya.

Michael Kremer, mwanauchumi wa Marekani, aliwahi kufundisha shule ya sekondari Kenya magharibi akiwa kijana. Katikati ya miaka ya 1990 alirudi na wazo rahisi. Shirika linalotaka kusaidia shule nyingi haliwezi kuzifikia zote kwa siku moja. Basi na zichaguliwe za kuanza kwa bahati nasibu, kisha zilinganishwe na zile zinazongoja zamu. Yeye na wenzake walianza na vitu ambavyo kila mtu alijua vina faida. Waligawa vitabu vya kiada. Nani angebisha? Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa wakifanya vizuri, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko hiyo ni lugha ya tatu. Kitabu kilimfikia kila mtoto. Kusoma hakukumfikia kila mtoto. Naomba msomaji alishike jambo hili la vitabu, maana tutakutana nalo tena likiwa limevaa nguo nyingine.

Kisha ikaja zamu ya minyoo. Kuanzia mwaka wa 1998 Kremer na mwanauchumi mwenzake Edward Miguel walifuatilia shule 75 za msingi ambako watoto walipewa tembe za minyoo kwa awamu. Utoro ulipungua kwa robo, na hata majirani wasiomeza dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Utafiti ulichapishwa mwaka wa 2004. Mwaka wa 2015 wataalamu wengine waliuchambua upya, wakazusha mabishano makali ambayo mpaka leo hayajaisha kabisa. Lakini watoto wale walifuatiliwa kwa miaka 20, na ripoti iliyotoka mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba waliopata dawa kwa miaka mingi zaidi walikuwa wakilipwa takriban asilimia 13 zaidi kwa saa. Tembe yenyewe bei yake ni ya peremende. Kremer alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ilikuwa kwa aina hii ya kupima.

Kwa hiyo falsafa hii si ngeni Kenya. Kenya ilikuwa maabara yake. Waliohesabiwa walikuwa watu wetu, na waliohesabu, kwa sehemu kubwa, walikuwa wageni. Kijana wetu wa Ruiru ni miongoni mwa wa kwanza wanaoweza kukaa upande wa pili wa daftari, na hapo ndipo swali lake linaponivutia.

Jibu la kwanza ambalo hisani yenye tija ilikuwa maarufu kwalo lilikuwa la fedha: tafuta kazi ya mshahara mnono, kisha utoe. Hebu tulijaribu kwa kijana wetu. Tuseme analipwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mshahara mzuri kwa wengi wa rika lake. Asilimia 10 ni shilingi 15,000, yaani 180,000 kwa mwaka. GiveWell hukadiria kwamba kuokoa maisha ya mtu mmoja kupitia mashirika inayoyapendekeza, kama yale ya vyandarua vya malaria, hugharimu takriban dola 3,000 hadi 5,500. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni kati ya shilingi 387,000 na 710,000. Kijana wetu angeokoa mtu mmoja kila baada ya miaka miwili hadi minne. Katika miaka 40, watu 10 hadi 18. Watu 18 si mchezo, ni matatu ya Thika imejaa hadi utingo akabaki mlangoni. Lakini mwenzake wa San Francisco anayelipwa dola 200,000 angefikia idadi hiyo ndani ya miaka mitano. Kwa kutoa fedha, basi, kijana wa Ruiru anashindana pale alipo dhaifu kuliko popote.

Isitoshe, shilingi zile 15,000 tayari zina wenyewe. Kuna karo ya mdogo wake, kuna bili ya hospitali ya shangazi iliyofunguliwa kundi la WhatsApp, kuna mchango wa mazishi. Singer angesema ndugu yako na mgeni wana uzito mmoja. Simkatalii kwa mantiki. Ila mfano wake wa kidimbwi uliandikwa kwa mtu ambaye nyumbani kwao hakuna anayezama. Huku kwetu anayepita kando ya maji mara nyingi amekwisha kulowa hadi magotini kwa kuwavuta watu wake, na ukimwambia pesa anazompa mama yake hazina tija utakuwa umeonyesha tu kwamba hujui bima ya familia hufanyaje kazi mahali ambapo bima nyingine ni chache. Harambee ni mfumo wa hisani ulio na kumbukumbu, zamu na aibu. Haujakamilika, lakini haukungoja Oxford.

Njia hiyo ya mshahara mnono ilipata pia doa lake. Sam Bankman-Fried, aliyeshawishiwa na MacAskill akiwa mwanafunzi MIT kwamba atafute mali ili aigawe, alijenga soko la sarafu za kidijitali la FTX. Likaporomoka Novemba 2022, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa ulaghai. Sitakaa hapo. Mwizi mmoja havunji hoja, ingawa anafaa kuwapunguzia wahubiri sauti.

Jibu la pili ni la kazi yenyewe: weka ujuzi wako moja kwa moja kwenye tatizo. Hapa ndipo ujifunzaji wa mashine unapoingia.

Kwa asiyeujua, tofauti ni hii. Katika programu ya kawaida kijana wetu huandika kanuni: malipo yakiingia, toa risiti; salio likipungua, tuma ujumbe. Katika ujifunzaji wa mashine haandiki kanuni. Huipa mashine mifano maelfu, iliyo sahihi na isiyo sahihi, nayo hutafuta kanuni yenyewe kwa kujirekebisha kidogo kidogo kila inapokosea. Kinachopatikana huitwa modeli. Mfano ulio karibu nasi ni wa paa. Shirika la GiveDirectly, lililoanza kwa kuwatumia watu maskini wa Kenya magharibi fedha taslimu kupitia M-Pesa, lilitumia paa la nyasi kama ishara ya umaskini. Mwenye mabati hakustahili. Maafisa walitembea kijiji hadi kijiji wakihesabu. Wataalamu wa data waliojitolea kupitia shirika la DataKind wakaifundisha kompyuta kutazama picha za setilaiti na kutenganisha nyasi na mabati. Saa nyingi za kutembea zikaokolewa. Mashine ilisaidia kuchagua kijiji. Haikuamua kama nyasi ndicho kipimo cha haki. Uamuzi huo ulibaki kwa watu, na baadaye GiveDirectly ililegeza kigezo cha paa ikawa inawapa watu wote wa kijiji, kwa sababu jirani mwenye mabati yaliyotoboka alikuwa na maswali ambayo setilaiti haikuyaona. Fedha zenyewe zilipopimwa Siaya, katika vijiji 653, kwa kaya zaidi ya 10,500 zilizopewa takriban dola 1,000 kila moja, kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi za takriban dola mbili na nusu. Hata wasiopewa walinufaika.

Mfano mwingine uko shambani. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA, humwezesha mkulima kuelekeza kamera kwenye jani la muhogo na kuambiwa ugonjwa, hata pasipo mtandao. Kwa jani moja ilipatia takriban asilimia 65. Maafisa wa ugani walikuwa kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Ilipoonyeshwa majani sita ilipanda zaidi. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Ila watengenezaji wenyewe waliripoti kwamba modeli iliyong'ara kwenye picha safi ilipoteza sehemu kubwa ya ustadi wake ilipofika shambani, penye jua kali, vumbi na mkono unaotetemeka.

Sasa tuvirudie vile vitabu vya Busia. Mwaka wa 2023 watafiti wa Marekani waliwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya mshauri wa akili unde (AI) kupitia WhatsApp. Walishiriki watu 640, nusu wakimpata mshauri huyo, nusu wakipata mwongozo wa kawaida. Kwa wastani hakuna kilichobadilika. Wastani ulificha mambo mawili yanayopingana: waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa zaidi ya asilimia 15, na waliokuwa wakisuasua wakashuka kwa takriban 8. Mashine haikuwa na upendeleo. Iliwapa wote ushauri wa aina moja, na waliokwama wakaishia kufuata ule wa jumla, kama kupunguza bei na kutangaza zaidi, ambao kwa duka lenye faida nyembamba ni kujichimbia. Ni kisa cha vitabu vya kiada, zaidi ya miaka 25 baadaye: kitu kizuri kikagawanywa sawasawa, nacho kikamsogeza mbele aliyekuwa mbele. Mtu asiyerudi kuhesabu angeripoti watumiaji 320 na kupiga picha za tabasamu.

Kisa kinachonipa tumaini zaidi kilitoka Nairobi Julai 2025. Kliniki za Penda Health zilifanya utafiti pamoja na OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, katika vituo 15, ziara za wagonjwa 39,849. Modeli ilikaa nyuma ya mfumo wa rekodi ikimsoma afisa wa kliniki anapoandika. Palipo sawa iliwasha kijani na kunyamaza, palipo shaka manjano, penye hatari nyekundu ya kumsimamisha. Makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya matibabu kwa 13. Ukisoma kwa haraka utasema modeli imeshinda. Ukisoma polepole utaona mambo mawili. Mwanzoni maafisa waliipuuza nyekundu mara nyingi mno; zaidi ya theluthi ya ziara zilizoiwasha ziliisha ikiwa bado inawaka. Kilichobadilisha hali ni wenzao wa kliniki waliowafundisha ana kwa ana, vipimo vya kila afisa vilivyofuatiliwa, na skrini iliyorekebishwa isimchelewesh­e mtu mwenye foleni mlangoni. Modeli ilikuwa ileile. Pili, wagonjwa walipopigiwa simu baadaye, tofauti kati ya waliotibiwa kwa msaada wa mashine na wengine, katika kujihisi nafuu, haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Makosa yamepungua kwenye karatasi. Uponyaji bado unangoja kuthibitishwa.

Hapo ndipo ninapoweka hoja yangu. Kijana wa Ruiru anadhani kuhamia kwenye ujifunzaji wa mashine ni kuiacha kazi yake ya zamani ya fomu, foleni na risiti, aende kufundisha modeli kubwa. Modeli kubwa hufundishwa San Francisco, London na Beijing kwa kompyuta ambazo gharama yake ingejenga barabara ya Thika upya, na foleni ya wanaotaka kuzifundisha ni ndefu. Saa zake huko zitaongeza tone kwenye pipa lililojaa. Kati ya modeli na mgonjwa kuna pengo, na pengo hilo ni la fomu, foleni na risiti. Anayeijua skrini inayomchosha nesi saa kumi jioni, anayejua kwamba simu moja hutumiwa na nyumba nzima, anayejua kwamba mama wa mtaa wa Kiandutu, Thika, ataandika nusu Kikuyu nusu Kiswahili na kumalizia kwa Sheng, ndiye aliye haba duniani. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kitu anachokosa si umahiri wa kuandika modeli. Anakosa takwimu: uwezekano, upendeleo wa sampuli, namna ya kupanga jaribio la nasibu, namna ya kuuliza wastani huu unamficha nani. Hayo ni masomo ya mwaka mmoja au miwili kwa mtu aliyezoea kufikiri kwa mantiki, na hayadai kompyuta ya bei mbaya. Mafunzo ya mwanzo yanapatikana bure, na Zindi, jukwaa la mashindano ya data la Afrika lililoanza mwaka wa 2018, humpa data halisi za bara hili ajaribie mkono. Wenzake pia hawako mbali. Data Science Africa ilianzia Nyeri mwaka wa 2015, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Agosti 2019 mkutano wa Deep Learning Indaba, ambao hukusanya wataalamu wa fani hii kutoka bara zima, ulifanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kutoka Ruiru hiyo ni nauli ya sarafu. Mwaka huohuo vuguvugu la Masakhane lilianza kazi ya tafsiri za mashine kwa lugha za Afrika, watu wengi wakijitolea mtandaoni. Jacaranda Health, inayowajibu kina mama wajawazito wa Kenya kwa ujumbe mfupi kupitia huduma iitwayo PROMPTS, ilichukua modeli ya wazi ya Llama ikaifundisha Kiswahili, ikaiita UlizaLlama. Hawakujenga modeli kuanzia msingi; waliichukua iliyopo wakaileta karibu na swali la mama.

Lazima tuseme pia juu ya wale ambao tayari wamo katika ujifunzaji wa mashine, ila kwa mlango wa nyuma. Mifano ile maelfu ambayo mashine hujifunzia huwekwa lebo na watu, na wengi wa watu hao wako Nairobi na viunga vyake. Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili ili kuisafisha ChatGPT, chini ya kampuni ya Sama, walipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Kinachosumbua ni kwamba Sama haikuwa kampuni ya kawaida. Leila Janah aliianzisha mwaka wa 2008 kwa nia ya kuwapa maskini kazi badala ya sadaka, na mafunzo na ajira zake zilipimwa na watafiti wa MIT kwa jaribio la nasibu jijini Nairobi, kama mtu wa hisani yenye tija angetamani. Waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kwenye ofisi za Sama waliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, na Sama yenyewe, na ripoti ya kitabibu iliyowasilishwa mahakamani ilisema zaidi ya watu 140 kati yao walikuwa na msongo mkali unaotokana na kiwewe. Daftari lililopima mapato halikuwa na safu ya jinamizi. Huu si ushahidi kwamba kuhesabu ni kosa. Unaonyesha kwamba mtu anayechagua safu za daftari ana mamlaka makubwa kuliko anayejumlisha, na mpaka sasa mchaguaji huyo ameketi mbali.

Kuna jibu la tatu, ambalo siku hizi ndilo linalopigiwa debe zaidi na 80,000 Hours: shughulikia hatari ya akili unde yenyewe, isije ikawashinda nguvu walioiunda. Wakenya wengi huliona hilo kuwa hofu ya matajiri, na ninawaelewa. Mtu anayehangaikia klorini ya maji hana nafasi ya kuogopa roboti. Hata hivyo sidhani ni la kutupwa. Novemba 2024 Kenya iliingia katika mtandao wa kimataifa wa taasisi za usalama wa akili unde, nchi pekee ya Afrika kati ya wanachama 10 wa kwanza. Nairobi kuna programu ya ILINA inayowalea watafiti vijana wa fani hiyo. Na kuna kipengele cha hatari hii ambacho hakihitaji kubuni mambo ya mwaka 2100: watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha mwaka wa 2023 kwamba maombi hatari ambayo GPT-4 iliyakataa kwa Kiingereza mara nyingi iliyakubali yalipotafsiriwa kwa lugha zenye maandishi machache, Kizulu kikiwamo. Kufuli liliwekwa mlango wa mbele. Nani ataijaribu milango ya Kikuyu, Kikamba na Sheng? Mtu wa San Francisco hawezi, hata akilipwa dola 200,000.

Lipo jambo moja linaloniachia mashaka kuhusu daftari zima. Mei 2025 mtengeneza programu Rose Njeri alikamatwa Nairobi kwa kuunda ukurasa uliomwezesha mwananchi kutuma maoni yake juu ya Mswada wa Fedha bungeni kwa kubofya mara moja. Alishtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni. Juni mahakama ikalitupa shtaka. Ukurasa ule haukuwa na modeli yoyote ndani yake. Uliokoa maisha mangapi? Swali lenyewe halishiki. Hata hivyo sheria za kodi huamua zahanati ipi itakuwa na dawa, na hata GiveWell hufadhili vyandarua pale ambapo bajeti ya serikali iliishia. Kijana anayehesabu maisha kwa dola asije akaona kazi ya uraia haina thamani kwa sababu tu haina kipimo.

Kwa mfano wa namna saa 80,000 zinavyoweza kutumika, sihitaji kwenda mbali na bedsita yake. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapo hapo Ruiru. Ugonjwa wa chulebuni ulipoangamiza mashamba mwishoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wa kituo hicho walianza kuchanganya aina za kahawa, na mwaka wa 1985 wakatoa Ruiru 11, inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Ulikuwa ushindi. Ila Ruiru 11 ni chotara, na mbegu yake hupatikana kwa mfanyakazi kuchavusha ua kwa mkono, moja baada ya jingine. Mbegu bora ilikuwepo; miche haikutosha, wakulima wakangoja. Kituo kiliendelea kufanya kazi, na mwaka wa 2010 kikatoa Batian, ambayo mbegu zake huzaa aina ileile bila mkono wa mtu kuligusa ua. Kutoka moja hadi nyingine ni miaka 25, au, kwa saa 40 kwa wiki, saa 50,000.